Kutoka Kidato cha Mnazi hadi Ngazi ya Kasubi

Kila mwaka wa masomo uanzapo, maelfu ya vijana wetu huambiwa kwamba wameingia kidato cha kwanza. Wao hufurahi, wazazi wao hufurahi, na sisi walimu huandika majina yao katika madaftari mapya. Ni wachache kati yetu wanaosimama kuwaeleza kwamba neno hilo halikuzaliwa shuleni. Kidato, katika lugha ya wakwezi wa pwani, ni pengo lililochongwa katika shina la mnazi ili mkwezi apate mahali pa kutia unyayo wake. Huchonga moja, akapanda. Huchonga la pili juu yake, akapanda tena. Na shina lote likawa ngazi isiyohitaji kubebwa, kwa kuwa imo ndani ya mti wenyewe.

Basi katika makala hii twataka kufuata historia ya jambo ambalo vitabu vya historia havilitaji sana: namna binadamu alivyojitengenezea chombo cha kumfikisha kwenye tunda lililo juu kuliko mkono wake, na akashuka salama. Twajua kwamba wasomaji wetu wamezoea kusoma juu ya wafalme na mikataba. Wafalme hawatakosekana humu, maana safari yetu itaishia Kasubi, kilima cha Kampala walikozikwa Makabaka wanne wa Buganda. Lakini tutawafikia wafalme hao kwa njia ya miti.

Tuanze na maneno, kwa kuwa maneno ndiyo karakana yetu. Kiswahili kina utajiri mkubwa katika jambo hili, na utajiri huo ni ushahidi wa kazi. Mtu hakwei embe; huliangua. Hachumi nazi kama achumavyo mchicha; hukwea mnazi akaziangua. Chai na pamba huchumwa, na karafuu nayo huchumwa ingawa mchumaji wake yu juu mtini. Kwa matawi yaliyo mbali kuna upembo, yaani ule mti mrefu wenye kulabu nchani, ambao humvutia mtu tawi bila yeye kuondoka mahali alipo. Ngazi yenyewe ina miti miwili ya ubavuni na vipandio katikati. Wengine huviita vipandio hivyo vipago, na wengine vipawa. Kisha neno ngazi likatoka shambani likaenda ofisini, tukawa twasema ngazi ya wilaya, ngazi ya mkoa, ngazi ya taifa. Neno daraja nalo lilifanya vivyo hivyo. Waganda pia, ambao ngazi huiita eddaala, hulitumia neno hilo hilo kwa hatua na daraja la mtu. Yaonekana watu wa Afrika Mashariki, wa pwani na wa bara, walipotaka kueleza cheo walikumbuka kwanza mguu uliotafuta mahali pa kukanyaga.

Chombo hiki ni cha kale mno. Katika pango la Araña, karibu na Bicorp katika jimbo la Valencia nchini Hispania, kuna picha iliyochorwa mwambani maelfu ya miaka iliyopita. Yaonyesha mtu aliyening'inia kwenye kamba au mitambaazi, mkono mmoja umeingia katika mzinga wa nyuki wa mwituni, na nyuki wamemzunguka. Hatumwoni usoni, wala hatujui lugha yake, bali kazi yake twaijua. Wala hatuhitaji kwenda Hispania ili tuione. Wahadzabe waishio kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, huifanya hadi leo kwa njia yao wenyewe. Mrina asali hukata vijiti vigumu, akavichonga ncha, akakipigilia kimoja katika shina laini la mbuyu, akasimama juu yake. Hukipigilia cha pili juu zaidi, na cha tatu, hata akaufikia mzinga akiwa na kijinga cha moto cha kuwatuliza nyuki kwa moshi. Ngazi ya namna hii hubebwa kama tita la vijiti, na huundwa papo hapo mtini, kipandio baada ya kipandio. Mtu wa leo akitaka kubuni ngazi ya kuchukulika kwa urahisi, na aanze kwa kumheshimu fundi huyo.

Mkwezi wa pwani alichagua njia nyingine. Mnazi hauna matawi, na shina lake ni gumu kuliko la mbuyu. Kwa hiyo aliutia vidato, au alijifunga kitanzi cha kamba miguuni kilichomwezesha kulibana shina kwa nyayo huku mikono ikilikumbatia. Ngazi ya mbao ya kufikia kilele cha mnazi mrefu ingalikuwa mzigo wa watu wanne, na bado ingaliyumba. Hapa hekima ilikuwa kuubeba ujuzi katika mwili na kuiacha mikono bila mzigo.

Mkarafuu ulileta taabu ya namna yake. Mti huu haukuwa wa kwetu. Ulitoka visiwa vya Maluku, ukapitia visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa mikononi mwa Wafaransa, ukafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Seyyid Said bin Sultan alipouona unastawi, aliamuru upandwe kwa wingi, na katika muda wa miaka michache mashamba makubwa yakawa yamefunika ardhi ya Unguja na Pemba, kwa jasho la watumwa. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja. Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ndiko itokako karafuu nyingi. Hali ya kisheria ya utumwa ilifutwa mwaka 1897. Lakini mti wenyewe haukubadilika kwa sheria. Ulibaki mrefu, na matawi yake yalibaki kuwa mepesi kuvunjika, na karafuu yake huwa nchani kabisa mwa vitawi, tena sharti ichumwe kabla ua halijafunguka. Mchumaji hupanda miguu mitupu, hulivuta tawi kwa upembo, na mara nyingine hulifunga tawi kwa kamba lisimkimbie. Akishuka, bado kuna kuchambua karafuu na kuzitenga na makonyo yake.

Ngazi ya kuegemeza husaidia kufikia matawi ya chini na kuingia mtini. Baada ya hapo mtu hujitegemea mwenyewe. Kila msimu wa karafuu huwa na habari za walioanguka, na wengine wao hawainuki tena. Twalisema hili mapema ili msomaji asidhani kwamba twazungumzia jambo dogo. Tulipokuwa wanafunzi, katika shule ambayo hatutaitaja, mwenzetu mmoja alipanda mwembe wa uwanjani wakati wa mapumziko. Tawi lilimwachia. Kiti chake kilikaa kitupu muhula mzima, na aliporudi alikuwa akitembea kwa gongo. Mwembe ulikatwa. Hakuna aliyefikiri kununua ngazi.

Sasa tuende bara. Msafiri atokaye pwani akafika Buganda hushangaa kuona kwamba tunda kuu la nchi hiyo halina haja ya ngazi hata kidogo. Mgomba hukatwa shina, mkungu ukashushwa, na chipukizi la pembeni likachukua nafasi ya mama yake. Mti mmoja wenye panda huutegemeza mkungu mzito usianguke kabla ya siku yake, na huo ndio ufundi wote wa mbao unaohitajika. Labda ndiyo maana watu wengine wamedhani kwamba Waganda hawakuwa na shida ya kupanda miti. Dhana hiyo si kweli, na ushahidi wake ni miti miwili: mbuni na mutuba.

Mbuni wa Buganda ni wa jamii ya robusta, nao ni mwenyeji wa misitu ya eneo la Ziwa Nyanza. Kabla kahawa haijawa zao la kuuzwa ng'ambo, Waganda waliitafuna. Matunda yalichumwa, yakachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, yakakaushwa, na mgeni alipofika nyumbani aliletewa kikapu kidogo cha kahawa kama sisi wa pwani tuletavyo kikombe. Watu wawili waliotaka kufanya undugu wa damu, mukago, walikula punje za kahawa zilizotiwa damu ya kila mmoja wao. Mti uliotoa punje hizo, ukiachwa bila kukatwa, hukua mrefu kuliko mtu mara kadhaa. Uganda inajua namna mbili za robusta: ile itambaayo na kujitandaza, inayoitwa nganda, na ile isimamayo wima, erecta. Nganda humwelekea mchumaji. Erecta humkimbia. Wakulima walijibu kwa kuupinda mti mchanga hadi shina likalala upande, na vichipukizi vingi vikainuka kutoka mgongoni mwake. Au kwa kulikata shina kuukuu karibu na ardhi ili lianze upya. Wenzao wa mbali walilijibu swali hilo hilo kwa njia iliyo karibu na hiyo: mwanzoni mwa karne ya 20 kituo cha utafiti cha East Malling, Kent, Uingereza, kilichagua na kupanga kwa makundi vishina vya mitufaha vinavyofupisha mti unaopandikizwa juu yake, hata mashamba mengi ya matufaha ya Ulaya yakaacha kuhitaji ngazi ndefu.

Hapo ndipo penye njia panda ya historia hii yote. Ama umwinue mtu, ama uushushe mti. Aliyemwinua mtu alibuni vidato, vijiti, kamba na ngazi. Aliyeushusha mti alibuni kisu cha kupogolea. Kwa maoni yetu, njia ya pili ni ya busara zaidi pale inapowezekana. Lakini miti mingine haikubali kushushwa, au thamani yake imo katika urefu wake. Mutuba ni mmoja wa hiyo.

Mutuba ni mti wa jamii ya mikuyu. Waganda hawaupandii matunda, huupandia ngozi. Katika majira ya mvua fundi hulikwangua gome la nje, akalikata gome la ndani kwa mviringo karibu na ardhi, akalikata tena kwa mviringo juu, karibu na mahali matawi yanapoanzia, kisha akapasua mstari mmoja kutoka juu hadi chini. Kwa kipande kilichochongwa kutoka mgomba hulibandua taratibu, hata likatoka zima kama kanzu avuliwayo mtu. Shina lililobaki uchi hufungwa majani ya mgomba mara moja lisikauke. Baada ya siku chache majani hufunguliwa, na gome jipya huanza kukua. Mti mmoja ukitunzwa huweza kuvunwa kila mwaka kwa miongo kadhaa. Gome lenyewe hupelekwa kibandani, chini ya kivuli, likapigwa kwa nyundo za mti zenye mifuo, kwanza zenye mifuo mipana kisha zenye mifuo myembamba, mpaka linakuwa kitambaa laini chenye rangi ya udongo mwekundu. Hicho ndicho kitambaa cha lubugo. Ufundi huu ni urithi wa ukoo wa Ngonge, yaani fisi-maji, na mkuu wa mafundi wake huitwa Kaboggoza. UNESCO iliutangaza kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu mwaka 2005, na kuuingiza katika orodha yake ya urithi usioshikika mwaka 2008.

Kile kikato cha juu ndicho kinachotuleta kwenye ngazi. Kadiri shina linavyokuwa refu na nyofu, ndivyo kitambaa kinavyokuwa kirefu. Kwa sababu hiyo mutuba hupogolewa matawi ya pembeni ili upande moja kwa moja. Fundi hawezi kuupinda kama mbuni. Wala hawezi kuutia vidato kama mnazi, kwani kila kidato kingekuwa tundu katika nguo. Wala hawezi kupigilia vijiti kama mrina asali wa Eyasi. Huegemeza ngazi nyepesi ya miti. Na tukitafakari, twaona kwamba ngazi hiyo ina sharti ambalo ngazi ya mwembe haina: inaegemea juu ya mazao yenyewe. Ngazi nzito, au yenye ncha zilizochongoka, ingelichubua gome kabla kisu hakijafika. Kwa hiyo wepesi wake si wa kumsaidia mbebaji peke yake. Ni heshima kwa mti.

Inatupasa hapa kusema neno moja juu yetu sisi wenye lugha hii, japo halipendezi. Misafara ya Waarabu na Waswahili ilianza kufika Buganda katika miaka ya 1840, enzi ya Kabaka Suuna II. Ilileta bunduki, shanga, dini, na lugha yetu, ambayo Kabaka Mutesa I aliielewa na kuitumia; Henry Stanley alipofika mwaka 1875, mmoja wa watu aliokuja nao, Dallington Maftaa, kijana aliyesomeshwa na wamisheni Unguja, alibaki ikulu akiwa mwalimu na mwandishi. Lakini misafara hiyo ilileta pia kitambaa cha pamba, na hasa ile amerikani ambayo jina lake bado limo katika kamusi zetu. Pamba haikuhitaji mutuba, wala ngazi, wala siku za kupiga nyundo. Lubugo ikaanza kupungua mwilini mwa watu, ikabaki katika mambo mazito: kutawazwa, mazishi, na makaburi. Mwalimu afundishaye neno amerikani haoni daima ni nguo gani ilivuliwa ili hiyo ivaliwe.

Na sasa tumefika Kasubi. Mutesa I alijenga ikulu yake juu ya kilima hiki mwaka 1882. Alipofariki mwaka 1884 alizikwa humo humo ndani ya jumba kuu liitwalo Muzibu Azaala Mpanga, na jumba la kutawala likawa jumba la kuzikia. Baadaye walilazwa pamoja naye Mwanga II, aliyefia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903 na mwili wake kurudishwa mwaka 1910. Daudi Chwa II, aliyefariki mwaka 1939. Na Edward Mutesa II, aliyefia London mwaka 1969 na kurudishwa nyumbani mwaka 1971. Jumba ni la mviringo, kipenyo chake chapata mita 31, na paa lake la nyasi hushuka karibu lifike chini. Ndani, pete 52 hulizunguka paa, kila moja kwa ajili ya ukoo mmoja wa Buganda. Nguzo zimevishwa lubugo, na pazia kubwa la lubugo hukitenga chumba cha ndani wanakolala Makabaka. Chumba hicho huitwa Kibira, maana yake msitu. Mutuba, ambao uliacha kuwavika walio hai, umeendelea kuwafunika wafalme.

Kuezeka paa hilo ni haki ya ukoo wa Ngeye. Ngeye ni mbega, yule kima mweusi mwenye manyoya meupe marefu, ambaye huishi juu mitini wala hashuki ovyo. Hatujui kama wahenga wa Buganda walitabasamu walipowapa watoto wa mbega kazi ya kupanda, sisi twatabasamu. Mafundi wao huitwa Bagirinya, na kiongozi wao ana cheo chake cha urithi, Wabulaakayole. Ujuzi wao haukuandikwa. Kijana alijifunza kwa kumfuata mzee juu ya paa, mahali ambapo kosa halisahihishwi kwa wino mwekundu.

Tarehe 16 Machi 1938 au 1950 ingepita bila mtu kuiona. Tarehe 16 Machi 2010 usiku, jumba liliteketea. Lilikuwa limeingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Baada ya moto lilihamishiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Swali lililowakabili watu wa Buganda halikuwa la fedha peke yake, ingawa fedha zilitoka Mengo, serikalini, na kwa Wajapani kupitia UNESCO. Swali lilikuwa: ni nani bado ajuaye? Jumba lilikuwa limejengwa upya mara ya mwisho mwaka 1938. Walioshika nyasi mwaka huo, miaka sabini na miwili baadaye, walikuwa wamezikwa karibu wote, na vijana wengi wa ukoo walikuwa mjini wakifanya kazi nyingine. Ujenzi ulichukua zaidi ya miaka kumi. Wako waliolalamika kwamba ni mrefu mno. Hatukubaliani nao kabisa, maana sehemu ya miaka hiyo ilikuwa ya kufundisha, na walimu twajua kwamba somo la mikono halina muhtasari wa haraka. Mwezi wa Septemba 2023 UNESCO iliiondoa Kasubi katika orodha ya hatari.

Mtu ashukapo kilima akielekea barabara ya Hoima hupita nyumba zilizobanana, na katika nyua zake miparachichi, miembe na mifenesi iliyopandwa zamani kabla ya nyumba. Miti hii ni mirefu kwa kuwa hakuna aliyeipogoa. Watoto huipanda. Fenesi moja laweza kuwa zito kuliko mtoto aliyepanda kulikata. Tulikiona katika uwanja mmoja chombo kilichotufanya tusimame: ngazi ya miti ya mkalitusi, vipandio vimepigiliwa kwa misumari juu ya miti ya ubavuni, na vitatu vya chini vimekwisha kung'oka. Mwenye nyumba alituambia kwamba hutumika bado, "mtu huanzia hapo pa nne."

Fundi wa ngazi angekuwa na mengi ya kusema mbele ya chombo hicho. Angeanza na misumari. Kipandio kilichopigiliwa juu ya mti hutegemea msumari peke yake, na msumari huupasua mkalitusi unapokauka. Kipandio bora huingia ndani ya tundu lililotobolewa ubavuni, au hukaa katika pengo lililochongwa, yaani kidato hasa, kisha hufungwa kamba ngumu ya katani. Uzito wa mtu ukabebwa na mti, na kamba ikazuia tu visitoke. Vipandio huachana kiasi cha sentimita 30, visije vikamlazimisha mtoto kujinyoosha wala mtu mzima kujikunja. Mbao nyepesi na zenye nyuzi zilizonyoka hufaa. Uganda ina musizi, ambao ni mwepesi, na mwanzi wa milimani. Mvule haufai kwa hili, kwanza ni mzito, pili ni dhambi. Wala ngazi isipakwe rangi: rangi huficha ufa.

Umbo nalo lina historia yake. Ngazi za mashamba ya matunda ya Uingereza zilikuwa pana chini na nyembamba juu, karibu kuchongoka, ili ncha ipenye kati ya matawi bila kuyavunja. Ikiegemezwa, kanuni ni moja ya nne: tawi likiwa mita 4 juu, mguu wa ngazi uwe mita 1 kutoka usawa wake. Ikisimama wima mno humrudisha mtu nyuma. Ikilala mno huteleza.

Lakini mparachichi hauna daima tawi la kuaminika, na hapo ndipo ilipobuniwa ngazi ijisimamiayo. Jaribio la kwanza la mtu ye yote ni miguu minne, kama meza. Kampala ni mji wa vilima, na meza iliyowekwa kilimani hutikisika. Wenye bustani wa Japani, na wachumaji wa matufaha wa magharibi ya Marekani, hutumia ngazi ya miguu mitatu: miti miwili yenye vipandio, na mguu mmoja mrefu uliofungwa kileleni kwa bawaba, unaotupwa mbele ukapenya katikati ya matawi hadi karibu na shina. Mama zetu wote waliijua siri hiyo kabla ya mafundi. Mafiga matatu ndiyo yainjikayo chungu. Jiwe la nne lingeharibu kazi, kwa kuwa miguu mitatu hupata mahali pa kukaa juu ya ardhi yo yote, ya tambarare au ya mashimo, nao wa nne hubaki hewani ukimngoja mtu aegemee. Penye mteremko, mguu wa pekee huwekwa upande wa juu, na mchumaji hupanda akikielekea kilima. Ngazi kama hiyo ya kimo cha mita 3, ikitengenezwa kwa mti mwepesi na mguu wa tatu ukikunjwa, huchukuliwa na mtu mmoja begani kutoka uwanja hadi uwanja.

Tulimchorea mwenye nyumba umbo hilo mchangani kwa kijiti. Alilitazama kwa muda, akauliza mguu wa tatu hufungwa kwa nini, tukamwambia bawaba, au kamba ikiwa bawaba ni ghali. Akasema kamba anayo. Akasema pia kwamba Ndeeba, mtaa wa wauza mbao, musizi hupatikana. Mtoto wake, aliyekuwa amekaa kwenye tawi la mparachichi juu yetu muda wote huo, alitudondoshea parachichi mbili, moja ikapasuka.

Tulipokuwa tukiondoka, ngazi ya zamani ilikuwa bado imeegemea mfenesi, ikianzia pa nne.